Daktari Pompe na moyo wa mtoto mchanga

Mtoto akizaliwa mlegevu na kufa kabla ya kutimiza mwaka, wako kwetu wanaomtafuta mlozi: bibi, shangazi, mke mwenza. Tumsikie daktari aliyetafuta sababu ndani ya moyo wenyewe.

Joannes Cassianus Pompe alizaliwa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1901. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miili ya marehemu ili kujua kilichowaua. Desemba 1930 alichunguza mwili wa msichana wa miezi 7. Moyo wa mtoto ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Pompe akaangalia vipande vyake kwa hadubini, akakuta misuli imejaa glikojeni, yaani sukari ambayo mwili huiweka akiba. Mwaka 1932 alitangaza aliyoyaona, na ugonjwa huo ukapewa jina lake.

Chanzo kilijulikana mwaka 1963 kwa kazi ya Henri-Géry Hers wa Louvain, Ubelgiji. Watoto hao wamekosa kimeng'enya kinachovunja glikojeni ndani ya seli. Basi sukari hurundikana, kuta za moyo hunenepa, na moyo hushindwa kusukuma damu. Baba na mama wote wawili hubeba kasoro hiyo bila kuumwa. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyemroga, wala mama hakukosea kitu.

Pompe mwenyewe hakuyajua hayo. Wajerumani walipoikalia nchi yake, alijiunga na waliowapinga kwa siri, na mtambo wa redio ukafichwa katika maabara yake Amsterdam. Februari 1945 akakamatwa. Tarehe 15 Aprili akapigwa risasi pamoja na wafungwa wengine, siku 20 tu kabla Uholanzi haijakombolewa. Alikuwa na miaka 43.

Tangu mwaka 2006 kuna dawa inayorudisha kimeng'enya hicho kwa njia ya mshipa, kila wiki mbili, maisha yote. Ni ghali mno kwa familia zetu. Lakini magonjwa mengine ya moyo wa watoto hufanana na huu, na baadhi yana tiba ya karibu. Kwa hiyo, wazazi wa Kalima, mtoto asipoweza kushika kichwa kwa wakati wake, akitoka jasho na kuchoka akinyonya, au akipumua haraka, apelekwe hospitali mapema.

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi. Yeye hakumtaja mkosaji, bali alimgusa mgonjwa. Tunapofika kwenye kilio cha mtoto, nasi tusiulize nani amemla. Tukae na mama yake, na yule bibi aketi kati yetu bila hofu.