Dorothy Vaughan: ‘Kompyuta’ aliyejifunza kompyuta kabla haijamnyang’anya kazi

Ukimwambia rafiki yako leo kwamba mama fulani aliajiriwa kazi ya kuwa kompyuta, atakucheka. Atadhani umeruka neno, kwamba ulitaka kusema aliajiriwa kutumia kompyuta. Lakini hujakosea. Katika miaka ya 1940, kompyuta alikuwa mtu aliyeketi mezani na penseli yake, akiwapigia wahandisi hesabu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Dorothy Vaughan alikuwa kompyuta wa aina hiyo. Kisha zikaja kompyuta za chuma na nyaya, zenye kasi ambayo hakuna binadamu angeifikia, na zilikuja kufanya kazi ile ile iliyokuwa ikimlisha yeye na wanawe. Jinsi alivyozipokea ndiyo sababu nataka umjue. Hasa wewe unayesomea uhandisi au ufundi chuoni, au unayejifunza kazi kwenye karakana ya mtaani, huku kila siku ukiambiwa kwamba mashine zinakuja.

Mwalimu na nyumba ya kufulia

Alizaliwa Septemba 20, 1910, mjini Kansas City, jimbo la Missouri nchini Marekani. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Morgantown, West Virginia. Darasani hakuwa mtu wa kuchezea. Alimaliza shule ya upili mwaka wa 1925 akiwa kidedea, akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Wilberforce kule Ohio, na kufikia 1929 alikuwa na shahada ya hesabu mkononi kabla hata ya kutimiza miaka 20.

Walimu wake walimhimiza aendelee na masomo ya juu zaidi. Lakini kumbuka mwaka wenyewe. 1929 ndipo uchumi wa Marekani ulipoporomoka, na nyumbani walihitaji pesa. Dorothy akaweka ndoto kando, akaenda kufundisha. Hatimaye alitulia mjini Farmville, Virginia, akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya Robert Russa Moton, shule ya watoto Weusi. Mwaka wa 1932 aliolewa na Howard Vaughan, wakaanza kulea familia.

Wakati huo sheria za Virginia zilitenga Weusi na Weupe karibu kila mahali: shuleni, kwenye basi, hotelini, hata chooni. Mshahara nao ulitengwa. Mwalimu Mweusi alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo. Basi likizo ya mwaka wa 1943 ilipofika, mwalimu huyu mwenye shahada yake alienda kufanya kibarua katika nyumba ya kufulia nguo za wanajeshi, kambi ya Camp Pickett, kwa senti 40 za dola kwa saa.

Kama umewahi kuhitimu kisha ukajikuta ukifanya kibarua ambacho hakihusiani kabisa na cheti chako, unamwelewa vizuri sana.

Penseli, rula na ndege za kivita

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimechacha. Marekani ilihitaji ndege nyingi, na ndege zilihitaji hesabu. Miaka miwili awali, mnamo 1941, Rais Franklin Roosevelt alikuwa ametoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika viwanda vya silaha na ulinzi. Hakuamka tu asubuhi moja akaamua. Kiongozi wa wafanyakazi, A. Philip Randolph, alikuwa ametishia kuandaa maandamano makubwa jijini Washington. Mlango ukafunguka kidogo, na Dorothy alikuwa miongoni mwa waliopenya.

Desemba 1943 aliripoti kazini katika maabara ya ndege ya Langley, mjini Hampton, iliyokuwa chini ya NACA, shirika lililokuja kuwa NASA. Mshahara ulikuwa dola 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya alizopata akifundisha. Ili kuupata, ilimbidi aondoke Farmville na kuwaacha watoto wake wanne na jamaa kwa muda. Alidhani kazi yenyewe ni ya kipindi cha vita tu. Akakaa miaka 28.

Kazi ilikuwa hivi. Wahandisi waliweka mfano wa ndege ndani ya handaki kubwa, wakavumisha upepo mkali juu yake, kisha vyombo vikapima jinsi hewa inavyosukuma bawa hapa na pale. Vipimo hivyo vilitoka kama milundo ya tarakimu zisizo na maana kwa yeyote. Dorothy na wenzake walizipitisha kwenye fomula, mstari kwa mstari, kwa rula za kuhesabia na mashine za mezani za kujumlisha na kuzidisha, hadi mhandisi akapata mchoro wa kumwonyesha kama bawa litabeba ndege au litaiangusha. Ukikosea tarakimu moja mwanzoni, kazi ya siku nzima inaharibika.

Wanawake Weusi waliwekwa peke yao katika kitengo cha upande wa magharibi wa kituo. Kwenye ukumbi wa chakula, meza yao ilikuwa na kibao cha kuwatenga. Hesabu zao zilikaribishwa kila ofisi, wao wenyewe hawakukaribishwa kula.

Mwaka wa 1949, msimamizi wao, aliyekuwa Mzungu, alifariki. Dorothy akapewa usimamizi, lakini kama kaimu. Ilichukua hadi 1951 kumthibitisha rasmi, na hapo akawa msimamizi wa kwanza Mweusi katika historia ya shirika hilo. Waliopitia mikononi mwake ni pamoja na Mary Jackson, aliyekuja kuwa mhandisi wa kwanza mwanamke Mweusi wa NASA, na Katherine Johnson, ambaye Dorothy alimpeleka kwa wahandisi wa utafiti wa safari za ndege wiki mbili tu baada ya kuajiriwa mwaka wa 1953. Hawakumrudisha. Johnson ndiye aliyekuja kuhakiki hesabu za safari ya mwanaanga John Glenn kuzunguka dunia mnamo 1962.

Katika miaka hiyo hiyo, Dorothy alishirikiana na wenzake wawili Wazungu, Vera Huckel na Sara Bullock, kuandaa kitabu cha mwongozo wa kutumia mashine za kuhesabu za wakati huo. Usiipite habari hii haraka. Inakuonyesha mtu ambaye, kila mashine mpya ilipoletwa mezani, alitaka kujua inafanyaje kazi, kisha akawaandikia wengine.

Wembe wafika

Waswahili husema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Miaka ya 1950, Langley ilianza kuleta kompyuta za kielektroniki za IBM. Zilikuwa kubwa, zilijaza vyumba, na zilikuwa na kasoro zake. Lakini hesabu iliyowachukua akina mama hao wiki nzima, mashine iliweza kuimaliza kwa saa chache, na haikuchoka wala kuomba likizo.

Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungesema mashine haziaminiki, au tungesubiri tuone wakubwa wataamua nini. Dorothy alikuwa anakaribia miaka 50, ana watoto sita, ana cheo alichokipigania. Alichagua kurudi kuwa mwanafunzi.

Mnamo 1957 IBM ilitoa lugha ya programu iitwayo FORTRAN. Kabla yake, kuiagiza kompyuta kulihitaji kujua misimbo migumu ya mashine yenyewe. FORTRAN ilikuja ikiwa imefanana na fomula za hesabu: ukitaka kujumlisha A na B na kuliita jibu C, uliandika karibu hivyo hivyo. Kila mstari wa maagizo ulitobolewa kwenye kadi ngumu yenye safu 80. Programu moja ilikuwa bunda la kadi. Ukiziangusha na kuchanganya mpangilio wake, pole sana.

Dorothy aliisoma FORTRAN, akaimudu, na akawafundisha wenzake. Hapa ndipo pana siri ambayo vijana wengi huikosa. Hakuanza sifuri. Fomula alizijua tayari kwa zaidi ya miaka kumi ya kuzipiga kwa mkono. Alijua hesabu ianzie wapi, ipite hatua zipi, na jibu likitoka la ajabu alilitambua kabla mhandisi hajalitilia shaka. Alichoongeza ni njia mpya ya kumwambia mfanyakazi mpya afanye nini. Mashine ilikuwa na kasi, yeye alikuwa na maarifa ya kujua kama kasi hiyo inaelekea kuzuri au shimoni.

Mwaka wa 1958 NACA ikageuzwa kuwa NASA, na vitengo vya ubaguzi vikavunjwa. Kitengo chake cha magharibi kikafungwa, na kazi ya kompyuta-binadamu ilikuwa inafifia. Dorothy hakufifia nayo. Alijiunga na idara mpya ya uchambuzi na kompyuta, iliyochanganya wanawake na wanaume, Weusi na Weupe, akawa mtaalamu wa FORTRAN.

Roketi iliyofika Kilifi

Kumbe kuna uzi unaomuunganisha na pwani yetu. Miongoni mwa kazi alizochangia ni mradi wa roketi ya Scout, roketi ya hatua nne ya kurushia satelaiti ndogo, iliyosimamiwa kutoka Langley. Baadhi ya roketi hizo zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, lililojengwa baharini karibu na Malindi, mbele ya Ngomeni.

Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Scout ilipaa kutoka jukwaa hilo ikibeba satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi ni kazi ya mamia ya watu, na Dorothy alikuwa mmoja tu kati yao. Lakini ukipita Ngomeni siku moja, fahamu kwamba mwalimu wa Farmville alitia mkono wake katika mradi huo.

Sasa nisikudanganye kwamba kila kitu kilimnyookea. Baada ya kitengo chake kufungwa, alitafuta tena nafasi ya usimamizi pale Langley. Hakuipata hadi alipostaafu mwaka wa 1971. Ujuzi ulimwokolea kazi, lakini haukuwabadilisha waliogawa vyeo. Ni vyema ulijue hilo mapema, ili siku ukinyimwa usidhani ulipoteza muda kusoma.

Alifariki Novemba 10, 2008, akiwa na umri wa miaka 98. Wengi hawakumjua hadi 2016, kitabu cha Margot Lee Shetterly kuhusu wanawake hao na filamu iliyotokana nacho vilipotoka. Mwaka wa 2019 Bunge la Marekani lilimtunuku Medali ya Dhahabu, miaka 11 baada ya kuzikwa. Mgala muue, na haki yake mpe. Yeye walichelewa mno kumpa.

Wembe wako

Turudi kwako. Mashine za kukata vyuma zinazoendeshwa na kompyuta ziko katika viwanda vyetu na vyuo vyetu tayari. Ukichungulia zinachosoma, utaona mistari ya herufi na tarakimu, mmoja chini ya mwingine, kama zile kadi. Mstari unaoanza na G01, kwa mfano, unaiambia mashine iende moja kwa moja hadi sehemu uliyotaja. Ukikosea kipimo, itakata makosa yako bila kukuuliza.

Kwa hivyo usitupe rula na kalipa eti kwa sababu kuna AutoCAD. Jua kupima kwanza, jua kuchora kwa mkono, halafu chora kwenye kompyuta. Huna laptopu? Tafuta saa mbili kwa wiki katika maabara ya chuo, maktaba au saiba ya mtaa. Fungua Excel, chukua hesabu unayoijua tayari, tuseme gharama ya vyuma vya geti moja, na uandike fomula itakayokupa jibu kila bei inapobadilika. Ipige pia kwa mkono. Majibu yakitofautiana, tafuta kosa hadi ulipate. Siku utakapolipata ndiyo siku umeanza kujua.

Kisha mwite mwenzako wa karakana, umwonyeshe ulivyofanya. Dorothy hakuvuka peke yake.