Habari za Janusz Korczak, Baba wa Yatima

Katika nchi ya Polandi, iliyo katikati ya Ulaya, uko mji mkuu uitwao Warsaw. Watu wa nchi ile si wageni kabisa kwetu, maana wakati wa Vita Kuu ya pili maelfu ya wakimbizi wao waliletwa Afrika ya Mashariki. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yangalipo pale hata leo. Katika mji ule wa Warsaw alizaliwa mtu ambaye jina lake hutajwa kwa heshima kila watoto wa Polandi wafundishwapo habari za mateso ya Wayahudi. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa daktari, na mlezi wa watoto wasio na wazazi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Henryk Goldszmit. Alizaliwa tarehe 22 Julai, mwaka wa 1878 au 1879. Mwaka wenyewe haukujulikana yakini, kwa sababu baba yake alichelewa kumwandikisha. Siku zile Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Walikuwa Wayahudi, lakini nyumbani walisema Kipolandi na kufuata desturi za Wapolandi, hata mtoto hakujua kwamba watu humhesabu kuwa mbali na jirani zake. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alikufa ndege wake mdogo aliyefugwa tunduni. Henryk akataka kumzika uani na kusimamisha msalaba juu ya kaburi lake. Mtoto wa bawabu akamkataza, akamwambia kwamba ndege yule alikuwa Myahudi kama bwana wake. Neno lile lilimwingia moyoni, asilisahau mpaka uzeeni.

Baadaye baba yake alishikwa na ugonjwa wa akili, akafa mwaka 1896, na mali yote ikaisha. Henryk alikuwa angali mwanafunzi. Ikambidi kwenda katika nyumba za watu kufundisha watoto wao, ili apate fedha ya kumsaidia mama yake na dada yake. Mwaka 1898 alipeleka mchezo alioutunga katika mashindano ya waandishi, akajiita Janusz Korczak. Tangu siku zile jina hili likazidi kujulikana, hata jina la kwanza likawa kama limesahauliwa.

Alijifunza uganga katika chuo kikuu cha Warsaw, akapata cheti cha udaktari mwaka 1905. Mara akachukuliwa kuwaganga askari waliojeruhiwa katika vita ya Urusi na Japani. Aliporudi akafanya kazi katika hospitali ya watoto, akajulikana kuwa daktari hodari. Angaliweza kuwa tajiri, lakini moyo wake haukutulia. Aliona kwamba mtoto maskini akiisha kuponywa hurudi katika njaa na uchafu ule ule uliomwuguza. Dawa peke yake haikutosha. Mtoto alihitaji mahali pa kukaa, na mtu wa kumpenda na kumheshimu. Basi mwaka 1912 akaacha hospitali, akawa mkuu wa nyumba mpya ya yatima wa Kiyahudi, katika barabara ya Krochmalna. Mwenziwe katika kazi alikuwa mwanamke mmoja mwenye akili na bidii, Stefania Wilczyńska. Korczak hakuoa, wala hakuwa na watoto wa kuzaa. Alikaa katika chumba kidogo chini ya paa, na watoto karibu 100 wa nyumba ile ndio waliokuwa jamaa yake.

Nyumba ile haikuwa kama nyumba nyingine za yatima za wakati ule. Kila mtoto alikuwa na kazi yake: wengine kufagia, wengine kuosha vyombo, wengine kutunza vitabu. Mtoto mgeni alipewa mlezi kati ya watoto wakubwa, amwongoze miezi mitatu mpaka azoee. Kila mmoja alikuwa na kijisanduku chake cha kuwekea mali yake, hata ikiwa mali yenyewe ni kipande cha kamba au kijiwe, maana Korczak alisema ya kuwa kitu kinachodharauliwa na mkubwa chaweza kuwa hazina kwa mdogo. Watoto walikuwa na gazeti lao na bunge lao.

Lakini la ajabu kuliko yote lilikuwa baraza la hukumu. Waamuzi walikuwa watoto watano, waliochaguliwa kwa kura miongoni mwa wale ambao hawakuwa na shauri juma lile. Mtu ye yote aliyeonewa aliweza kumshitaki mwenziwe. Sheria zao zilihesabiwa mpaka 1,000, na sheria 99 za kwanza zote zilikuwa za kusamehe, kwa kuwa Korczak aliona kwamba mkosaji akisamehewa hupata nafasi ya kujirudi. Sheria ya 1,000 ilikuwa ya kumfukuza mtu nyumbani, nayo ilitumika kwa shida sana. Wakubwa nao walihukumiwa. Korczak mwenyewe alijishitaki mara tano katika muda wa nusu mwaka. Mara moja ilikuwa kwa kumpiga mtoto masikioni, na mara nyingine kwa kumshuku msichana kuwa mwizi, na kumbe hakuiba. Akasimama mbele ya watoto wake, akahukumiwa kama mtu mwingine. Alisema baadaye kwamba mashauri yale machache yalimfundisha kuwa mlezi mwenye haki.

Katika Vita Kuu ya kwanza alichukuliwa tena kuwa daktari wa askari, na huko vitani akaandika kitabu juu ya namna ya kumpenda mtoto. Mwaka 1923 alitoa kitabu cha hadithi ya mfalme mdogo aitwaye Matt, aliyejaribu kutengeneza ufalme wake ili watoto wapate haki, akashindwa kwa kuwa kutawala si mchezo. Vizazi vingi vya watoto wa Polandi vimekisoma. Mwaka 1926 akaanzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe. Kisha akasema katika redio kwa jina la Daktari Mzee, na watu wa nchi nzima wakapenda kumsikiliza. Lakini katika miaka ile chuki juu ya Wayahudi ilizidi katika Polandi pia, na mwaka 1936 maneno yake ya redio yakakomeshwa. Alikwenda Palestina mara mbili, mwaka 1934 na 1936, akafikiri kuhamia kule. Akarudi, maana hakuweza kuwaacha yatima wake.

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Polandi. Mtawala wa Ujerumani, Adolf Hitler, na chama chake walifundisha kwamba Wayahudi ni adui wa wanadamu, nao walikusudia kuwaondoa katika Ulaya. Wayahudi wa Warsaw wakaamriwa kuvaa mkononi kitambaa cheupe chenye nyota ya rangi ya samawi. Korczak akakataa kukivaa. Mwaka 1940 wakaamriwa wote kuhamia katika mitaa michache ya mji, nayo ikazungushiwa ukuta wenye urefu wa kama mita tatu. Mahali pale paliitwa geto. Watu zaidi ya 400,000 walisongamana mle ndani. Siku yatima walipohama, gari lao la viazi lilinyang'anywa. Korczak akaenda kwa wakubwa wa Kijerumani kudai viazi vya watoto. Wakamwona hana kitambaa mkononi, wakampiga, wakamtia gerezani. Wanafunzi wake wa zamani walitoa fedha ili afunguliwe.

Alipotoka afya yake ilikuwa imevunjika. Katika geto watu walikufa kila siku kwa njaa na homa, na maiti zililala njiani. Idadi ya watoto wake ilipanda karibu 200. Mzee yule, daktari na mwandishi aliyejulikana katika nchi nzima, akawa anazunguka mlango kwa mlango na mfuko begani, akiomba viazi, unga na sabuni. Usiku watoto walipolala, aliandika habari za siku zake. Daftari ile ilihifadhiwa na rafiki zake, nayo husomwa mpaka leo. Hata hivyo masomo hayakukoma, wala baraza la hukumu halikukoma. Tarehe 18 Julai 1942 watoto walicheza mchezo wa Rabindranath Tagore, mtunzi wa Kihindi, uelezao mtoto mgonjwa asiyeweza kutoka chumbani, angojaye barua ya mfalme mpaka afe kwa utulivu.

Siku nne baadaye Wajerumani walianza kuwaondoa watu wa geto. Walisema kwamba wanawapeleka mashariki kufanya kazi. Kumbe waliwapeleka kwa gari la moshi mpaka Treblinka, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kuwaua watu kwa hewa ya sumu. Katika muda wa miezi miwili walipelekwa huko watu wapatao 265,000 kutoka Warsaw.

Korczak alikuwa na njia ya kuokoka. Rafiki zake Wapolandi waliokuwa nje ya ukuta walimtafutia hati za kumtoa na mahali pa kumficha, nao walifanya hivyo kwa hatari kubwa, maana katika Polandi aliyemficha Myahudi aliweza kuuawa. Walimsihi mara nyingi. Lakini njia ile ilikuwa ya mtu mmoja, si ya watoto 200. Akakataa. Alijua kwamba mtoto haachwi peke yake usiku anapoogopa, sembuse saa kama ile.

Mwanzo wa Agosti 1942 askari waliizingira nyumba asubuhi, wakawapa muda mfupi tu wa kutoka. Watoto wakapangwa safu. Korczak akatangulia pamoja na walio wadogo, na Stefania Wilczyńska na walimu wengine wakafuatana na wakubwa. Wakapita katika njia za mji mpaka kwenye uwanja wa gari la moshi. Waliowaona walishangaa kwa jinsi walivyokwenda kwa taratibu, bila kupiga kelele. Hadithi nyingi zimeongezwa juu ya mwendo ule, lakini lililo hakika latosha: mlezi aliingia garini pamoja na watoto wake, wala hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Nyumba nyingine za yatima za geto zilimalizwa siku zile zile, na walezi wengi wasiotajwa leo walikwenda na watoto wao vivyo hivyo.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi kama milioni 3 wa Polandi walikuwa wameuawa, nao kabla ya vita walikuwa zaidi ya milioni 3 tu. Nchi ilibaki na kazi ngumu ya kukumbuka. Kwa miaka mingi serikali ya Kikomunisti ilipenda kuwataja waliouawa kuwa raia wa Polandi tu, isiseme wazi kwamba waliuawa kwa sababu ya kuwa Wayahudi. Walakini mwaka 1964 palifunguliwa ukumbusho katika Treblinka: mawe 17,000 yaliyosimamishwa kama makaburi. Mengi hayana neno, na mengine yana majina ya miji walikotoka wale watu. Jiwe moja tu lina jina la mtu, nalo ni la Janusz Korczak na watoto. Mwaka 1988 ule uwanja wa gari la moshi katika Warsaw nao ukapata ukuta wa ukumbusho, wenye kuandikwa majina ya kwanza ya Wayahudi, kwa kuwa majina ya wote yasingaliweza kuenea.

Bunge la Polandi liliufanya mwaka 2012 kuwa mwaka wa Korczak, na shule nyingi zina jina lake. Kila tarehe 19 Aprili, siku Wayahudi wa geto walipoinuka kwa silaha mwaka 1943, watu wa Warsaw huvaa kifuani ua la karatasi la manjano, na wanafunzi huelezwa maana yake. Lakini kufundisha jambo hili si kazi nyepesi, maana mwalimu mkweli hana budi kusema yote mawili: kwamba walikuwako Wapolandi waliohatarisha maisha yao ili kuwaokoa jirani zao, na kwamba walikuwako wengine waliowasaliti. Tena watu wangali wakishindana juu ya habari hizi, kwa sababu kila taifa hupenda kukumbuka wema wake kuliko aibu yake.

Labda ndiyo sababu habari za Korczak zafaa kusomwa na watoto wa kila nchi. Yeye hakungoja mtu mwingine amshitaki. Alipokosa alijipeleka mwenyewe mbele ya waamuzi wadogo, akakubali hukumu. Taifa nalo lapaswa kufanya hivyo. Tena tukumbuke kwamba mabaya yale hayakuanza kwa ukuta wala kwa gari la moshi. Yalianza kwa neno dogo la dharau, kama lile la mtoto wa bawabu juu ya ndege aliyekufa. Basi kila mmoja wetu na auangalie ulimi wake anapomtaja jirani wa kabila jingine au wa dini nyingine, maana saa ya kulizuia baya ni ile ambayo lingali neno tu.