MAISHA YA WATU WAKUBWA: MCHUNGAJI OBERLIN NA WATOTO WADOGO



Tumezoea kusoma maisha ya wapiganaji, waganga na wasafiri. Mara hii tumechagua mtu aliyepata sifa kwa sababu ya watoto wa miaka 3, 4 na 5, wale tunaowaacha nyumbani asubuhi tukienda kwa masomo. Wengi kati yetu tunafikiri kwamba watoto wale hawana la kujifunza. Wale, walale, wacheze na udongo, basi, mpaka wafikishe miaka ya kuingia primeri. Na kijana mwanamke akiambiwa abaki na mdogo wake, anakasirika, anaona siku yake imepotea bure. Tusome kwanza maisha ya mtu huyu, kiisha tutaona kama tunafikiri vizuri.

Jean-Frédéric Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu. Oberlin alisoma katika mji uleule, akajifunza kazi ya uchungaji. Mwaka 1767, alipokuwa na miaka 26, aliitwa kuongoza kanisa la Waldersbach.

Mtu asifikiri kwamba alipewa mahali pazuri. Waldersbach ni kijiji cha milimani, kama kilometa 50 toka Strasbourg, katika eneo linaloitwa Ban de la Roche. Wajeremani waliliita Steintal, maana yake bonde la mawe, na jina lilifaa. Udongo ulikuwa maskini, baridi kali, na theluji ilifunika njia. Vijiji vitano vya kanisa lake vilikuwa kama vimekatwa na inchi nyingine. Watu walisema lugha yao ya kijiji, na mtu wa mji hakuwasikia. Mchungaji Stuber, aliyemtangulia, alikuwa amekwisha kuanza kazi ya shule pale, kwa hiyo Oberlin hakuanza mahali patupu. Lakini njaa ilikuwa ingali.

Oberlin aliona kwamba haifai kuhubiri siku ya Mungu na kunyamaza siku zingine. Alishika sururu yeye mwenyewe, akatangulia mbele, na watu wakamfuata kuchimba barabara. Wakajenga daraja juu ya mto Bruche. Akawafundisha kulima mbatata vizuri zaidi na kupanda miti ya matunda, akatuma vijana kujifunza ufundi. Kwa ajili ya kazi hizi alisifiwa sana. Lakini sisi tunataka kusema zaidi juu ya kazi nyingine, ambayo haikuhitaji sururu.

Wazazi wa milima ile walitumika shambani toka asubuhi hata jioni. Watoto wakubwa walikwenda shule. Wale wadogo je? Walibaki peke yao.

Basi, katika kijiji cha Belmont palikuwa na kijana mwanamke jina lake Sara Banzet, aliyezaliwa mwaka 1745. Huyu alikuwa akiwakusanya watoto nyumbani kwao na kuwafundisha kufuma sufu kwa sindano, ufundi ambao watu wa kule walikuwa hawajauzoea. Hakuna mtu aliyemtuma, tena hakuna aliyemlipa. Oberlin akapata habari yake.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mchungaji aliyesoma katika mji mkubwa angeweza kumsifu yule binti na kupita. Ao angeweza kusema kwamba kazi hii inataka mtu mwenye diploma, na kumleta mwanaume toka Strasbourg. Hakufanya hivyo. Alitambua kwamba Sara amekwisha kuona jambo ambalo yeye mchungaji alikuwa hajaliona. Baba yake Sara hakufurahi, kwani nyumba ilihitaji mikono ya binti yake, na kazi ile haikuleta kitu. Oberlin na bibi yake, Madeleine-Salomé, wakapatana naye, na mwaka 1769 Sara akaandikwa kazi kwa mshahara. Toka siku ile, kukaa na watoto wadogo haikuwa tena kupoteza wakati. Ilikuwa kazi yenye jina na malipo. Na shule ya watoto wadogo ikaanza.

Vijiji vingine vilifuata. Walichagua wanawake, wengi wao vijana, wakawaita waongozi wa watoto. Walikusanyika katika chumba chenye jiko la moto, sababu ya baridi. Mwongozi mmoja aliwasimamia waliofuma, mwingine alisimulia na kuchezesha. Wadogo kabisa walicheza, na waliochoka walilala. Waliimba. Walionyeshwa picha za Biblia, za wanyama na za mimea. Wakati wa jua walitoka kwenda kuchuma majani na maua. Mwongozi alitaja kila kitu kwa lugha ya nyumbani, kiisha kwa Kifaransa. Sisi tunaojua taabu ya kuingia kalasi ambamo mwalimu anasema Kifaransa tupu tunaweza kupima akili ya njia hii. Mtoto hakunyang'anywa lugha ya mama yake. Aliongezewa nyingine juu yake.

Sara alikufa mwaka 1774, hajafikisha miaka 30. Lakini kazi haikufa. Miaka michache baadaye, Louise Scheppler wa kijiji cha Bellefosse aliingia kutumika katika nyumba ya mchungaji. Alikuwa na miaka 15 tu, kama wengi kati yetu. Naye akawa mwongozi wa watoto, akienda toka kijiji hata kijiji, hata katika theluji. Mwaka 1783 Madeleine-Salomé alikufa, akaacha watoto wadogo. Louise, mwenye miaka 19, akawalea, wala hakuacha wale wa vijiji. Baadaye akakataa mshahara, akaomba kuhesabiwa kama mtoto wa nyumba. Lakini mtu asichukue jambo hili kuwa sababu ya kumnyima mwalimu mshahara wake. Louise alichagua mwenyewe, na Oberlin alianza kazi hii kwa kumlipa Sara.

Oberlin aliona taabu pia. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1794, alikamatwa, halafu akafunguliwa. Mwaka 1819 mfalme alimpa nishani ya Légion d'honneur. Alikufa tarehe 1 Juni 1826, mwenye miaka 85, akazikwa Fouday, baada ya kukaa na watu wale karibu miaka 60. Watoto wake walitaka kumgawia Louise urithi, lakini akakataa. Mwaka 1829 Académie française ilimpa zawadi ya franka 5000, akaitumia kwa shule za watoto wadogo. Alikufa mwaka 1837.

Wengine waliendeleza kazi ya namna hii. Mjeremani Fröbel, mwaka 1840, aliita shule yake bustani ya watoto. Ufaransa, mwaka 1881, ilizipa shule hizi jina la materneli, na ndilo tunalotumia hata hapa kwetu Kongo. Kule Amerika, chuo kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1833 kinaitwa Oberlin. Jina la mchungaji lilifika mbali. Majina ya Sara na Louise, watu wachache wanayajua. Ndiyo maana tumeyaandika hapa.

Leo waganga wanatufundisha kwamba ubongo wa mtoto wa miaka 6 unakaribia tisa kwa kumi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kumbe miaka ile tunayoiita ya kucheza bure ndiyo miaka ya kujenga msingi. Sara hakujua hesabu hii, lakini alifanya sawasawa na mtu aliyeijua.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Si kila mzazi anaweza kulipa materneli. Lakini ndani ya nyumba mna mwanafunzi wa sekondari, ndiyo wewe, ndiyo sisi. Tunapotoka masomoni tunaweza kumwita mdogo wetu, kumtajia majina ya vitu, kuhesabu naye mawe, kuimba naye, kumsimulia hadithi za babu, na kumjibu anapouliza, hata akiuliza mara kumi. Tusimpige kwa sababu hajui, kwani ndiyo kwanza anaanza kujua. Na ninyi vijana wanaume, msiseme kwamba ni kazi ya dada. Oberlin alikuwa mwanaume, na hakuona haya.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe mwenzako. Kiisha nenda, mdogo wako anakungoja.