Tingatinga na Picha za Kubebeka

Juzi, sokoni Kariokor, Nairobi, kijana mchoraji alinilalamikia kuwa picha zake kubwa hazinunuliwi. Nikamkumbuka marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, mwaka 1932. Alikuwa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, 1968, hakungoja turubai. Alitumia vipande vya ubao na rangi ya baiskeli, picha ndogo za kuingia mkobani mwa mgeni. Ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oyster Bay, wanakopita wenye fedha. Tena ujuzi hakuuficha, akawafundisha jamaa zake. Polisi walipomuua kwa risasi mwaka 1972, wakimdhania mhalifu, hao ndio walioendeleza biashara, hata wakaunda ushirika. Kijana akaniuliza bei ya ubao.