J.M. Kariuki na Barua Zilizovuka Seng'enge

Majina ya mashujaa wa uhuru huandikwa ubaoni, hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha hufutwa pamoja na vumbi la chaki. Mojawapo ni jina la Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana na wengi kwa herufi mbili tu, J.M. Wanafunzi hufundishwa kwamba alikuwa mbunge mtetezi wa wanyonge na kwamba aliuawa mwaka 1975. Hayo ni kweli. Hata hivyo, kuna sehemu ya maisha yake ambayo hupitwa mbio darasani, nayo ni ile miaka saba aliyokaa kizuizini akiyaripoti maovu ya kambi kwa kalamu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu yenye mafunzo makubwa zaidi kwa kijana wa leo.

Mwanafunzi wa Kibera au wa Kawangware hana haja ya kusafiri mbali ili aikaribie historia hiyo. Mitaa hii miwili iko pande mbili za barabara ya Ngong. Ng'ambo ya Kibera kuna Lang'ata, mahali ambapo serikali ya kikoloni iliweka mojawapo ya kambi za kuwachuja watu wakati wa Hali ya Hatari. Nayo barabara ya Ngong, ukiifuata hadi mwisho wake, inakufikisha kwenye vilima ambako maiti ya J.M. iliokotwa. Watoto wetu huikanyaga historia hii kila siku waendapo shuleni, ilhali hawaijui.

J.M. alizaliwa tarehe 21 Machi, 1929, huko Kabati-ini katika Bonde la Ufa, katika jamaa ya maskwota walioishi na kufanya kazi katika ardhi ya walowezi. Masomo yake yalikatizwa mara kwa mara na ukosefu wa karo. Hatimaye alifika King's College Budo nchini Uganda, akasoma huko hadi mwaka 1952. Alirejea nyumbani Oktoba mwaka huo huo, siku chache tu baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari. Alifungua hoteli mjini Nakuru, akala kiapo, akawa anawasaidia wapiganaji kwa siri. Mwaka 1953 alikamatwa hotelini mwake. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Msomaji na atambue jambo moja hapa. J.M. hakupelekwa mahakamani wala hakusomewa mashtaka. Kanuni za Hali ya Hatari zilimpa Gavana uwezo wa kumfungia mtu kwa saini yake tu, na uwezo huo ukagawiwa maafisa wa chini yake. Mfungwa wa kawaida hujua siku atakayotoka. Mtu wa kizuizini hakujua lolote, kwani kutoka kwake kulitegemea kukiri kiapo na kuwaridhisha wale waliomfunga. Na tarehe 24 Aprili, 1954, mji wa Nairobi ulizingirwa na maelfu ya askari katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakapangwa mistari, wakachujwa. Maelfu yao walipelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Mwisho wa mwaka huo, watu zaidi ya 70,000 walikuwa ndani ya seng'enge.

J.M. alipitishwa katika kambi nyingi, zikiwemo Kowop, Lang'ata na Manyani. Aliona watu wakipigwa ili wakiri, wakinyimwa chakula na wakifanyishwa kazi ngumu. Kwa kuwa alikuwa na elimu iliyowazidi wengi wa wenzake, alifanya kazi ambayo elimu ilimwajibisha kuifanya: aliandika. Aliandika kwa wakubwa wa serikali mjini Nairobi na kwa Wizara ya Makoloni mjini London. Barua nyingine za mahabusu ziliwafikia wabunge wa chama cha Leba cha Uingereza, akina Barbara Castle na Fenner Brockway. Barua hizi zilitolewa kambini kwa siri, na aliyegunduliwa alijua malipo yake. J.M. mwenyewe alipigwa vibaya kwa ajili ya barua zake, na alipopata nafuu akaandika tena.

Je, barua hizo zilifaa nini? Swali hili ni zito, na mwalimu mwaminifu hana budi kulikabili mbele ya wanafunzi wake. Jibu la serikali lilikuwa kwamba waandishi wake ni wakorofi na waongo. Hata Wazungu walioyaona maovu kwa macho yao hawakusikilizwa. Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi aliyetumwa kutoka Uingereza, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1954 alipoona kwamba askari waliohalifu sheria wanalindwa. Bi Eileen Fletcher, aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya urekebishaji, aliondoka nchini, na mwaka 1956 akaeleza hadharani jinsi wasichana wadogo walivyofungwa gerezani Kamiti. Naye pia alikanushwa.

Matokeo ya kupuuza taarifa yalionekana Hola tarehe 3 Machi, 1959. Mahabusu waliokataa kufanya kazi walipigwa kwa marungu mpaka 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaubatilisha uongo huo, na Julai mwaka huo Bunge la Uingereza likajadili Hola hadi usiku wa manane. Huenda barua za miaka iliyotangulia zingeaminiwa, watu wale 11 wasingekufa. Kosa halikuwa la waandishi. Lilikuwa la wasomaji.

J.M. aliachiliwa mwaka 1960. Mwaka 1963 alichapisha kitabu chake, Mau Mau Detainee, akieleza kambi moja baada ya nyingine. Ajabu ya kitabu hicho ni kwamba hakikujaa chuki. Mwandishi alitaja maovu bila ya kuyafunika, na askari aliyemtendea wema akamtaja pia. Ripoti ya namna hiyo ndiyo iaminikayo, kwa maana haikuongezwa chumvi.

Ukweli huo ulisubiri muda mrefu kuthibitishwa. Mwaka 2011, kutokana na kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake. Ndani yake mlikuwa na barua za maafisa wenyewe wakijadili mateso yale yale waliyoyakana. Tarehe 6 Juni, 2013, serikali hiyo ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Kipande cha karatasi cha mahabusu kilikuwa kimesema kweli, na tangazo lenye muhuri wa serikali lilikuwa limesema uongo.

La kusikitisha ni kwamba uhuru haukuivunja silaha hii ya kizuizini. Mwaka 1966 Bunge letu wenyewe lilirudisha uwezo wa kumfungia mtu bila ya kumshtaki, na uwezo huo haukuondolewa katika sheria hadi mwaka 1997. J.M., akiwa mbunge na hatimaye waziri msaidizi, alitajirika kama wakubwa wenzake, na hilo si la kufichwa. Lakini hakuacha kusema kwamba ardhi iliyopiganiwa na wengi imetwaliwa na wachache. Mikutano yake ilipigwa marufuku, na bado wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni mwaka 1974.

Tarehe 2 Machi, 1975, alionekana akitoka hoteli ya Hilton akifuatana na mkuu wa kikosi cha GSU. Siku iliyofuata mchungaji mmoja wa Kimaasai aliikuta maiti yake katika vilima vya Ngong. Ilikuwa tarehe 3 Machi, miaka 16 kamili tangu mauaji ya Hola. Maiti ililazwa katika mochari ya jiji kama ya mtu asiyejulikana, huku taarifa zikitolewa kwamba J.M. yuko safarini Zambia. Wake zake waliitambua tarehe 11 Machi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza na kutoa ripoti Juni mwaka huo, baada ya majina mawili kuondolewa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Walimu wa Kibera na Kawangware wana nafasi ya kuyafanya maisha haya kuwa somo lililo hai. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, inaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 25 kinasema kwamba kinga dhidi ya mateso haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Maneno haya ni mazuri, lakini mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana kupinga Mswada wa Fedha, familia nyingi zilihangaika kutoka kituo hadi kituo zikiwatafuta watoto wao waliotwaliwa na watu wasiojitambulisha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilipokea na kutangaza visa vingi vya aina hiyo. Ilivitangaza kwa kuwa kulikuwa na watu waliothubutu kuandika nani alichukuliwa, lini, wapi na na nani.

Huo ndio ufundi wa J.M., na mtoto yeyote ajuaye kusoma na kuandika anaweza kujifunza. Kitu cha kwanza ni tarehe, cha pili ni mahali, cha tatu ni jina, cha nne ni lile lililoonekana kwa macho bila ya nyongeza. Kwa upande wetu sisi tulio nje ya seng'enge, wajibu ni kusoma na kuamini kwa wakati. Kuaminiwa baada ya miaka 50 kuliwafaa wazee waliobahatika kuishi. Wale 11 wa Hola hakukuwafaa kitu.