Adolphe Sax, Fundi Aliyebadili Sauti ya Bendi za Jeshi

Bendi ya jeshi inapopita mbele ya jukwaa kuu siku ya gwaride, miongoni mwa ala zinazosikika ni saksofoni, ambayo mwili wake ni wa shaba lakini hupulizwa kwa ulimi wa mwanzi kama klarineti. Jina lake limetokana na Adolphe Sax, aliyezaliwa tarehe 6 Novemba, 1814 katika mji wa Dinant, ambao leo uko Ubelgiji. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ala za muziki, naye alijifunza kazi hiyo katika karakana ya nyumbani.

Mwaka 1842 Sax alihamia Paris. Wakati huo bendi za jeshi la Ufaransa zilikuwa na sauti dhaifu. Obo na basuni, zinazopendeza ukumbini, hazikusikika vyema uwanjani. Sax alipendekeza saksihoni, ala za shaba za ukoo mmoja, kuanzia sauti nyembamba hadi nzito, zinazopigwa kwa namna inayofanana, hivyo mwanajeshi angeweza kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kuanza upya.

Serikali haikuridhika na maelezo pekee. Tarehe 22 Aprili, 1845 bendi mbili zilishindanishwa hadharani katika uwanja wa Champ de Mars, mbele ya maelfu ya watu: moja ya mpangilio wa zamani, chini ya Michele Carafa, mkuu wa chuo cha muziki wa jeshi, na nyingine ya Sax. Baadhi ya wapigaji wa Sax hawakufika, hata hivyo umati ulimpa ushindi. Ni zabuni chache zilizowahi kuamuliwa waziwazi kiasi hicho. Mwaka huohuo jeshi liliagizwa kutumia ala zake, na mwaka 1846 akapata hataza ya saksofoni.

Ushindi huo ulimgharimu. Watengenezaji waliopoteza soko waliungana wakamfungulia kesi, wakitaka hataza zake zibatilishwe, na mashauri yaliendelea kwa miaka mingi. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalifuta agizo la jeshi. Mwaka 1852 akafilisika. Utawala wa Napoleon III ulizirejesha ala zake jeshini mwaka 1854, na kuanzia 1857 alifundisha saksofoni kwa wanajeshi katika Konsevatori ya Paris, hadi vita dhidi ya Prussia vilipolifunga darasa hilo mwaka 1870. Alifilisika tena mwaka 1873, na mara ya tatu mwaka 1877.

Sax alifariki dunia Paris mwezi Februari, 1894, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.