Dennis Ritchie: Mmoja wa watu walioipa kompyuta kufuli

Kama simu yako ni ya Android, ndani yake kuna sheria inayokulinda kimyakimya. Programu ya tochi uliyoipakua jana haiwezi kufungua mafaili ya ndani ya programu yako ya benki. Chanzo cha sheria hiyo kina zaidi ya miaka 50, na mmoja wa walioiweka ni Mmarekani Dennis Ritchie. Alikuwa nani?

Maisha ya mwanzo

Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Bronxville, jimbo la New York, akakulia Summit, New Jersey. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mwanasayansi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Dennis alisoma fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1967 akaajiriwa katika maabara ileile ya baba yake.

Mwaka 1969 mwenzake Ken Thompson alianza kuandika mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta. Ritchie akaungana naye, na mfumo huo ukaitwa Unix. Kisha Ritchie akatunga lugha ya kuandikia programu iitwayo C. Mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo, jambo lililorahisisha kuihamishia kwenye mashine za aina nyingine.

Ghala moja, wenye mali wengi

Siku hizo kompyuta ilikuwa ghali, na watu wengi walitumia mashine moja. Fikiria ghala la kijiji: magunia ya kaya nyingi yako chini ya paa moja. Bila utaratibu, ni rahisi mtu kuchukua au kuharibu mali ya mwenzake.

Ndani ya Unix kila faili lilipewa mwenyewe, pamoja na alama za kuonyesha nani anaruhusiwa kulisoma, kuliandika au kuliendesha. Juu ya wote yuko mtumiaji mmoja asiyezuiwa na chochote, anayeitwa root.

Lakini mtu wa kawaida atabadilishaje nywila yake, ikiwa faili la nywila ni mali ya root? Ritchie alibuni alama maalumu inayowekwa kwenye programu. Anayeiendesha programu hiyo hupata mamlaka ya mwenye programu kwa kazi hiyo tu. Ni kama mtunza ghala anayekutolea gunia lako bila kukukabidhi ufunguo. Ubunifu huo ulipewa hataza mwaka 1979.

Sheria hiyo leo

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi nchini Finland, alianzisha Linux kwa kufuata mtindo wa Unix. Kiini cha Linux ndicho kilichomo ndani ya Android, na humo kila programu huhesabiwa kama mtumiaji tofauti.

Wanaounda programu kwenye Linux hukutana na sheria hii mara kwa mara. Kazi huenda vizuri, kisha katika hatua ya mwisho, ya kuiweka programu mahali pake, kompyuta inajibu kwamba ruhusa imekataliwa. Mara nyingi programu haina kasoro. Inajaribu tu kuandika kwenye folda ya root, kama vile /usr.

Wengine hukasirika na kufungua ruhusa zote kwa watu wote kwa amri ya chmod 777. Huko ni kung'oa mlango wa ghala kwa sababu ufunguo umepotea. Wengine huanza kazi yote kwa mamlaka ya root. Hapo mafaili yanayozaliwa yanakuwa mali ya root, na kesho mwenye kazi anakataliwa katika folda yake mwenyewe.

Njia salama ni kusoma ujumbe hadi uone jina la folda iliyokataa, kisha kuangalia mwenyewe ni nani kwa amri ya ls -ld. Unda programu ukiwa mtumiaji wa kawaida, na uiweke ndani ya folda yako. Ikiwa lazima iwe ya watumiaji wote, omba mamlaka kwa amri ya sudo katika hatua hiyo ya mwisho tu. Anayetengeneza kifurushi cha kugawia wengine huelekeza mafaili yote kwenye folda ya muda kwanza. Akikataliwa, achunguze kama maelekezo yake bado yanataja /usr moja kwa moja.

Kifo chake

Mwaka 1983 Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kabisa katika sayansi ya kompyuta. Ritchie alistaafu mwaka 2007. Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Steve Jobs wa Apple alikuwa amefariki siku chache kabla, na macho ya dunia yalikuwa kwenye msiba huo. Cha Ritchie hakikuzungumzwa sana, ingawa hata kompyuta na simu za Apple zinaendeshwa na mifumo iliyotokana na Unix.